Kambi ya Wageni Ufuoni: Kazi ya Mikono, ya Akili na ya Jamaa Nzima

Katika miji yetu ya pwani maneno machache huleta furaha nyumbani kama neno mandari. Mama atangaza usiku kwamba kesho watu watakwenda mandari, na watoto hawalali. Alfajiri masufuria yafungwa, mikeka yakunjwa, nazi zahesabiwa, na jua likipanda jamaa wote wamekwisha fika ufuoni chini ya mivinje, na moshi wa mafiga umeanza kufuka. Jioni hurudi wamechoka, wana mchanga mpaka masikioni, lakini nyoyo zao zimetulia kama nyoyo za watu waliotoka safari ndefu ya kheri.

Wavuvi nao wanalo lao. Wale wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa Pemba, wamejulikana tangu zamani kwa kwenda dago. Hutweka matanga wakahama kuwafuata samaki, wakapiga kambi kwenye fuo za mbali, wakakaa huko majuma, pengine miezi, kisha wakarejea kwao. Basi kulala kando ya bahari katika makao ya muda si jambo tulilofundishwa na wageni. Ni letu, nasi twalijua.

Lakini je, yawezekana mandari ya siku moja igeuzwe kuwa kazi ya maisha? Jamaa walio na shamba la minazi lililoshuka mpaka ufuoni, waweza kuishi kwa kupokea wageni katika mahema, na kazi hiyo ikawa si biashara tu bali ufundi, kama ufundi wa mjenga jahazi au wa mchonga milango?

Twauliza kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Ni nani kati yetu asiyejua shamba lililokuwa la babu, ambalo leo lina ukuta na lango la chuma, na wajukuu hupita nje wakichungulia bahari? Baba alikufa, warithi wakawa wengi, kila mmoja akaona fungu lake ni dogo mno, akatokea mnunuzi mwenye fedha taslimu. Fedha zikaliwa kwa muda mfupi, na ardhi haikurudi. Ikiwa iko njia ya kuishika ardhi hiyo na papo hapo ikalisha watu, yatupasa tuijue. Na njia hiyo wengine wamekwisha ipita kabla yetu, katika nchi za baridi, nasi twaweza kuyasoma mafanikio yao na makosa yao.

MAHEMA YA ISLE OF MAN

Mwaka 1894 mtu mmoja wa Liverpool, Joseph Cunningham, pamoja na mkewe Elizabeth, walifungua kambi ya mahema katika Isle of Man, kisiwa kilicho baharini baina ya Uingereza na Ireland. Kabla ya hapo Cunningham alikuwa msimamizi wa nyumba ya kulelea na kufundishia vijana mjini Liverpool, naye alizoea kuwachukua wavulana kambini ili wapate hewa safi. Kambi yake ilianza mahali paitwapo Howstrake. Mwaka 1904 ikahamia Douglas, mji mkuu wa kisiwa, na huko ikakua hata ikawa na mahema yapata 1,500. Vijana waliokuwa wamefungika mwaka mzima katika maofisi na viwanda walikwenda kwa maelfu kila majira ya joto, wakalala katika mahema ya duara na kula pamoja katika ukumbi mkubwa.

Kambi hiyo ilikuwa ya wanaume vijana peke yao, na sharti lake kuu lilikuwa hili, kwamba ulevi haukuruhusiwa kabisa. Twalitaja jambo hili makusudi. Mara nyingi mtu wetu anayetaka kufungua nyumba ya wageni pwani huambiwa kwamba asipouza pombe atafunga mlango kabla mwaka haujaisha. Cunningham hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo aliyeuchukia ulevi kwa kuyaona madhara yake mitaani. Alikataza kinywaji hicho, na mahema yakajaa. Wazazi waliwaachia vijana wao waende kwa sababu walijua watarudi na akili zao na fedha zao. Sharti lililodhaniwa kuwa mzigo likawa ndilo sifa ya mahali.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1914, na hapa pana funzo kubwa. Serikali iliitwaa kambi ya Douglas ikaifanya mahali pa kuwafungia raia wa mataifa adui, watu waliokuwa wakiishi Uingereza wakifanya kazi zao. Mahema ni yale yale, ukumbi wa kulia ni ule ule, bahari iliyo mbele ni ile ile. Lakini watu walisongamana, hawakuwa na hiari ya kuondoka, na Novemba 1914 kukazuka fujo katika ukumbi wa kulia. Askari wakafyatua risasi, na wafungwa kadhaa wakafa palepale ambapo miezi michache nyuma vijana walikuwa wakila na kucheka. Basi jueni kwamba kambi si turubai wala kamba. Kambi ni nia ya mwenye kuiweka na hiari ya mwenye kuijia. Ukiiondoa hiari, na heshima nayo ikaondoka, kilichobaki ni jela iliyo karibu na maji.

MGENI ALIYEPEWA JEMBE

Mwaka 1906, upande wa mashariki wa Uingereza, John Fletcher Dodd alifungua kambi yake Caister, katika Norfolk, kwenye ufuo wa Bahari ya Kaskazini. Dodd alikuwa muuza vyakula, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa chama kimoja cha wafanya kazi. Alikuwa na nyumba karibu na bahari, na habari zake zasema kwamba jambo lilianza kwa udogo kabisa. Aliwaalika marafiki kutoka mitaa ya maskini ya mashariki ya London waje wapige mahema katika bustani yake. Kutoka bustani hiyo ikazaliwa kambi iliyodumu miaka mingi, na mahali hapo hata leo pangali pakipokea watu wa likizo.

Tofauti yake na kambi ya Cunningham ni kwamba Caister ilipokea jamaa, baba na mama na watoto. Masharti yake yalikuwa makali. Pombe marufuku, kamari marufuku, na usiku ukiendelea hakuna ruhusa ya kupiga makelele. Lakini lililo zuri zaidi ni hili, kwamba wageni wenyewe walishika zamu za kazi. Huyu alisaidia jikoni, yule alisafisha, na mboga zililimwa pale pale.

Msomaji wetu atatabasamu, kwa maana sisi tuna methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kwa dhihaka, kama kwamba jembe ni namna ya kumfukuza mgeni. Walakini ukiitazama vema utaona ina hekima nyingine. Mtu asiyekuwa na kazi mahali hubaki mgeni milele. Mtu aliyepewa kazi ndogo, akakuna nazi au akachota maji, amekwisha kuwa mwenyeji. Mtoto wa mjini aliyesaidia kuvuta ngalawa ufuoni hatausahau ufuo huo mpaka uzeeni, na mwaka ujao atamvuta baba yake kwa kanzu warudi. Dodd alilijua hilo bila kuisikia methali yetu.

NYUMBA ISIYO NA MAHALI PA KUKAA

Mtu wa tatu ni Billy Butlin, ambaye baadaye alikuwa na makambi makubwa kupita yote ya Uingereza. Yeye hakuwa na kambi ya jamaa. Ilikuwa ni biashara kubwa, na vibanda vya mbao mahali pa mahema. Lakini mambo mawili katika maisha yake yatufaa.

La kwanza, Butlin alipokuwa kijana alikaa katika nyumba ya wageni mahali paitwapo Barry Island, katika Wales. Desturi ya nyumba nyingi za namna hiyo wakati huo ilikuwa kuwatoa wageni nje baada ya chakula cha asubuhi, wasirudi mpaka wakati wa chakula kingine. Mvua ilinyesha, na watu na watoto wao wakazurura mitaani wamelowa, hali wamelipa. Butlin hakuyasahau mateso hayo, na alieleza kwamba hapo ndipo fikra ya kambi yake ilipoingia.

La pili, alipofungua kambi yake ya kwanza Skegness, mwaka 1936, vyumba vilikuwa safi na chakula kilikuwa kizuri, lakini wageni wakakaa kimya, kila jamaa peke yao, kama watu wanaosubiri gari moshi. Hakuna aliyezungumza na jirani yake. Butlin akamwomba mmoja wa watu wake, jina lake Norman Bradford, asimame aseme nao, awachekeshe, awajulishe wao kwa wao. Uso wa kambi ukageuka siku ile ile.

Zingatieni. Mtu yule alikuwa amejenga kila kitu isipokuwa kitu kimoja, nacho ni neno la kukaribisha. Na neno hilo halinunuliwi kwa fundi wala halipimwi kwa futi kamba.

UFUNDI WENYEWE

Basi tukisema kazi hii ni ya ufundi, twakusudia nini? Mshona nguo ana kitambaa, na mchonga milango ana mti. Mwenye kambi ufuoni ana vitu vinne mkononi: ardhi, upepo, maji na wakati. Kazi yake ni kuvipatanisha hata mgeni asijue kama vilipatanishwa.

Wa kwanza katika mambo ya kambi kule Uingereza alikuwa kwa kweli mshona nguo. Jina lake Thomas Hiram Holding, wa London, ambaye mwaka 1901 alianzisha chama cha watu waendao kambini kwa baiskeli, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha kuwafundisha kazi hiyo. Vidole vilivyozoea kupima mabega ya watu vilijua kupima hema jepesi linaloweza kuchukuliwa mgongoni. Wala tusistaajabu, kwani fundi hupatikana pale mtu anapokichukua anachokijua na kukitia katika jambo jipya.

Tuanze na upepo. Pwani yetu ina bwana wawili. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hata Machi, na kusi huanza baada ya hapo na kushika nguvu katikati ya mwaka. Hema lililowekwa vizuri wakati wa kaskazi laweza kung'olewa na kusi. Kwa hiyo mwenye kambi mwerevu hana mahali pamoja pa mahema, bali ana mahali pa kaskazi na mahali pa kusi, na huyahamisha kama mvuvi abadilishavyo bandari. Mlango wa hema hupewa mgongo wa upepo. Vigingi huchomwa kwa kulala, na katika mchanga mlaini huzikwa gunia lililojazwa mchanga badala ya kigingi. Na kamwe hema lisiwekwe chini ya mnazi wenye nazi. Kivuli chake ni kizuri, lakini nazi haibishi hodi.

Kisha bahari. Mtu wa bara hufika maji yakiwa yametoka, akaona mchanga mkubwa mweupe, akatamani kulala papo hapo. Mwenyeji ajua kwamba kwenye bamvua, mwezi uandamapo na ukiwa mpevu, maji hupanda kupita siku nyingine zote, na usiku yatamfikia mgeni kitandani. Alama ya kutazama ni ule mstari wa majani makavu na vifuu uliobaki juu ufuoni. Chini ya mstari huo ni milki ya bahari.

Kisha maji ya kunywa. Kisima cha pwani ni kitu dhaifu. Maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi ardhini kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Ukiyavuta polepole yatakutosha. Ukitia mashine ya kuvuta kwa pupa, chumvi hupanda, na pengine kisima kilichowanywesha watu miaka mingi kikaharibika kwa msimu mmoja. Choo nacho kiwe mbali na kisima, isipungue mita 30. Sifa ya kambi, wallahi, haianzi katika mandhari ya bahari. Huanza chooni. Mgeni atasamehe wali ulioungua, hatasamehe choo kichafu.

Mwisho ni usiku. Taa nyingi huharibu kitu ambacho mgeni amekifuata, nacho ni giza lenye nyota. Tena huwadhuru viumbe wengine. Vifaranga vya kasa vikitoka mchangani usiku huufuata mwanga, wakadhani taa za watu ndiyo bahari, wakaenda bara na kufa. Taa chache, za chini, zilizogeuziwa mgongo bahari, huwatosha watu na kuwasalimisha kasa.

WATU WA NYUMBANI

Mambo haya hayawezekani kwa mtu mmoja. Elizabeth Cunningham ametajwa pamoja na mumewe, na ilikuwa haki. Kuwalisha watu wengi mara kadhaa kwa siku ni kazi ambayo mwanamume aghlabu huihesabu kuwa si kazi mpaka siku mke augue. Katika kambi ya jamaa mama ndiye ajuaye kama unga umebaki wa siku mbili au tatu, na ndiye aonaye kwamba mtoto wa wageni hajala. Basi fungu lake katika pato lijulikane na liandikwe, lisiwe ahsante ya mdomo.

Kwa nyumba ya Kiislamu liko jambo jingine la kheri. Jamaa nyingi zetu hazipati mahali pa kupumzika ufuoni kwa stara. Mama hawezi kuingia majini kwa faragha, chakula kina mashaka, na jirani analewa. Kambi yenye kipande cha ufuo kilichositiriwa kwa wanawake kwa saa maalumu, yenye jiko lisilo na shaka, na mahali safi pa kusalia palipoonyeshwa kibla, itatafutwa na watu wa mjini kama kivuli kitafutwavyo adhuhuri.

Na katika kukirimu, nani mwalimu wetu kama Nabii Ibrahim? Sote twakijua kisa chake. Walimjia watu asiowajua, akajitenga kimya kwa watu wake, akarudi na ndama aliyechomwa, akawakaribishia. Hakuwauliza kwanza wana nini wala wataka nini, na hakuwaonyesha taabu ya kupika. Wala hakujua kwamba walikuwa Malaika. Ndiyo maana twasema ufundi wa mwenyeji ni kuificha taabu yake. Mgeni aone chakula, asione jasho.

Huenda mtu akauliza: na mirathi je? Shamba likikatwa vipande sita hakuna kambi. Ni kweli. Lakini sheria yetu imempa kila mrithi haki yake, haikulazimisha ardhi ikatwe. Warithi wakiridhiana waweza kuishika kwa ushirika, kila mmoja na fungu lake la pato kwa kadiri ya haki yake, aliye mbali na aliye karibu, mwanamke na mwanamume. Afanyaye kazi alipwe ujira wake kwanza, kisha faida igawanywe. Na yaandikwe yote mbele ya mashahidi, maana ndugu wengi wamegombana kwa yale waliyoaminiana bila ya kalamu kuliko yale waliyoyaandika.

BAHARI HAINA SHAHADA

Kabla ya kumaliza yatupasa tuonye. Karibu na Caister kiko kijiji kiitwacho Hemsby, kilichojengwa juu ya mchanga. Mwaka 2013 dhoruba ilizichukua nyumba hapo, na katika miaka ya 2018 na 2023 nyingine zikapotea au zikabomolewa kabla hazijaanguka. Nasi tuna mfano wetu. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje, na kasa walitaga mayai pale kwa wingi. Kufikia miaka ya 1980 miti yote ilikwisha kwenda na maji, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa na bamvua. Kasa wangali wakirudi kutaga, na watu wa Ushongo, ng'ambo ya pili, wamekuwa wakiyahamisha mayai barani ili yasizame.

Basi ajengaye kwa zege ukingoni mwa maji ameandika mkataba na bahari, na bahari haikutia sahihi. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Mwenye ukuta huiona sheria hiyo kuwa adui. Mwenye hema haoni taabu, kwani yeye nyumba yake hukunjwa. Bahari ikisogea, naye husogea, mivinje na mikoko aliyoipanda ikibaki kumlinda. Kujua kuondoka kwa wakati ni sehemu ya ufundi wake.

Haya si maisha ya utajiri wa haraka. Iko miezi ya masika ambayo mahema hukaa stoo yakinuka ukungu, na mwenyewe hushona turubai na kuhesabu madeni. Lakini ni maisha ambayo mtoto hukua akimwona baba na mama wakifanya kazi ya mikono yao wenyewe, juu ya ardhi ya babu zao, na mwisho wa siku huona jamaa wageni wameketi kwenye mkeka mmoja na wenyeji, wakila sahani moja. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda dawa hiyo ndiyo itakayoyaponya mashamba yetu ya pwani, kabla lango la chuma halijafungwa.

Basi wewe uliye na shamba hilo, usikimbilie kalamu ya mnunuzi. Wakusanye ndugu zako siku moja, mwende mandari pale pale, mle, msali, mtazame maji yakitoka na yakirudi. Kisha ndipo mshauriane.

Wabillahi taufiki.